Nyumba ya Chanika Tuliyompa Shangazi

Kijana wa mikopo alikuwa rika langu. Alikuwa akija Ijumaa baada ya swala, kwa sababu alijua hapo ndipo baba anapatikana nyumbani. Hakuwahi kupiga kelele. Alisema shikamoo kwa baba na kwa mama, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji aliyoletewa, kisha akaitazama nyumba. Utazamaji wake ndio uliotutisha kuliko maneno. Alianzia kwenye bati, akashuka ukutani, akapita dirisha moja baada ya jingine, kama fundi anayekisia gharama za kazi. Akiondoka, mama alikuwa akifagia pale alipokaa, ingawa hapakuwa na uchafu.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Alinunua vijijini wakati wa mavuno, akaweka kwenye stoo ya kukodi hapo kwetu Chanika, Handeni, akangoja bei ipande, akauza kwa watu wa Korogwe na Tanga. Miaka mingi mambo yalikwenda. Mwaka ule alikopa kwa kampuni moja ya Korogwe ili anunue mengi zaidi, na ndio mwaka ambao bei haikupanda. Baba akangoja. Dumuzi hawakungoja. Alipokuja kufungua magunia, punje nyingi zilikuwa unga, na yale yaliyobaki aliuza kwa bei ya chakula cha kuku. Pikipiki aliyokuwa ameiweka dhamana ilichukuliwa asubuhi moja mbele ya majirani. Deni halikuisha. Likabaki lile neno lililokuwa kwenye mkataba wake, kwamba mdai anaweza kufuata mali nyingine ya mkopaji, na mali nyingine ya baba ilikuwa moja tu.

Nyumba yenyewe si ya kusifiwa sana. Vyumba vinne, tofali za kuchoma, lipu mbele tu. Baba aliijenga kidogo kidogo tangu nikiwa darasa la kwanza. Mama alikuwa akiwapikia mafundi, na hadi leo anaweza kukuonyesha ukuta upi ulijengwa wakati ana mimba ya mdogo wangu, ambaye hakuishi.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya rasilimali watu na hakuna mtu aliyeitaka rasilimali hiyo. Niliomba kazi, nikaitwa kwenye usaili mara mbili, nikarudi. Ni mtu wa kuwaza. Nikituma ujumbe, ninausoma tena na tena baada ya kuutuma, kana kwamba maneno yanaweza kubadilika njiani. Nikimpita mtu asiponijibu salamu, nitakaa siku nzima nikitafuta nilichomkosea. Kwa hiyo unaweza kufikiri namna nilivyokuwa kila Ijumaa. Nilikuwa nikisikia mlio wa pikipiki yoyote barabarani, mkono wangu unaacha kazi.

Mama ndiye aliyelitoa wazo. Alikuwa amelisikia kwa wanawake wenzake kisimani na kwenye shughuli. Watu wengi walikuwa wakifanya hivyo. Mtu akidaiwa anaandikisha nyumba kwa ndugu, mdai akija anakuta nyumba si ya mdaiwa, na deni linalipwa taratibu bila watu kulala nje. Baba alikataa kwa muda mrefu. Alisema hajawahi kumdhulumu mtu na hakukopa ili asilipe. Mama akamjibu kwamba hakuna aliyesema asilipe, amesema walipe wakiwa ndani.

Nilisoma kwenye simu kila nilichoweza kukipata kuhusu jambo hilo. Nilisoma kwamba mahakama inaweza kufuta uhamisho wa mali uliofanywa ili kumkwepa mdai. Nilimwambia baba. Nikamwambia pia kwamba huenda ikaonekana ni udanganyifu, na huenda akaitwa polisi, na huenda shangazi naye akaitwa, na kwamba nikiomba kazi serikalini huenda wakauliza habari za familia. Baba alinisikiliza hadi mwisho. Huniita mame, kama alivyomwita mama yake kwa Kizigua, kwa sababu nimerithi jina la bibi. Akasema, "Mame, wewe ukianza kuwaza unafika Dodoma na kurudi. Mimi nawaza usiku wa leo tu."

Kama ilikuwa lazima apewe ndugu, hapakuwa na swali ni nani. Baba alikuwa na dada mmoja, mkubwa kwake, mjane, aliyekuwa akilima mahindi na mpunga kidogo kule Magoma. Wazazi wao walipofariki baba alikuwa bado mdogo, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye baba angeweza kumkabidhi nyumba akalala.

Tulikwenda mimi na baba. Tulifika Korogwe mapema, tukapanda gari la Magoma, tukamkuta shangazi shambani. Alisimama na jembe lake akatutazama tunavyokuja kwenye tuta, na kabla hatujamsalimu akasema, "Huyu mdogo wangu akija bila kupiga simu, ana shida. Na akija na mame wake, shida ina maandishi."

Baba alimweleza wakiwa wamekaa kwenye gogo pembeni ya shamba. Alieleza polepole, akirudia maneno, kama mtu anayeungama. Baba alipomaliza, shangazi aliuliza deni limebaki kiasi gani, akatikisa kichwa. Akauliza kama mama amekubali. Kisha akaanza kucheka.

"Kwa hiyo mimi mjane wa Magoma nitakuwa na nyumba mjini. Na nikikataa kurudisha je?"

"Dada, usiseme hivyo hata kwa mchezo."

"Basi nitaoa mume huko Chanika."

"Unaolewa, huoi."

"Mwenye nyumba ndiye anayeoa, baba we."

Baba naye alicheka, mara ya kwanza tangu pikipiki ichukuliwe. Lakini kabla hatujaondoka alimwomba jambo moja, na alimwomba kwa uzito. Mtu yeyote asijue kwamba nyumba itarudi. Hata wanawe. Shangazi alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyeoa na kulima huko Mpale, na mabinti wawili walioolewa. Baba aliwapenda, ila aliogopa maneno. Neno likitoka Mpale litafika Korogwe, na likifika Korogwe litafika ofisini kwa wale watu. Kwa wanawe, shangazi aseme tu kwamba mjomba wao amempa dada yake nyumba kama shukrani ya kumlea. Jambo hilo lingeaminika kwa sababu lilifaa kuwa kweli.

Shangazi alisema, "Nimekubali. Likiingia kwangu halitoki."

Kwetu mtu hampi ndugu yake nyumba kwa karatasi ya mwenyekiti wa mtaa peke yake. Karatasi ilikuwepo, ikapigwa muhuri, majirani wa mipaka wakaweka dole gumba. Lakini bila shekhe watu wangeona ajabu, na mdai pia angeona ajabu. Kwa hiyo ilifanyika hiba. Shangazi alikuja kutoka Magoma na kanga mpya, mama akapika wali, shekhe wa msikiti wetu akaja na wazee wanne.

Shekhe aliuliza kama nyumba ina deni juu yake. Baba alijibu kwamba haijawekwa dhamana popote. Lilikuwa jibu la kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, na nililirudia jibu lile kichwani mara nyingi, nikitafuta mahali penye ufa, na sikupaona, na bado nikaendelea kutafuta.

Kisha shekhe akaeleza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea. Alisema hiba ni kutoa mkononi. Mtu hawezi kusema nimetoa huku amekaa palepale na funguo mfukoni. Lazima anayetoa atoke, na anayepewa aingie apokee, kisha akipenda amkaribishe. Alilisema kwa upole, kama mwalimu anayekumbusha somo dogo.

Basi baba na mama walitoka nje. Mama alitoka na kanga aliyojifunga jikoni, ina harufu ya vitunguu. Baba alimpa shangazi funguo mbele ya wazee akasema, kwa sauti ya kutosha, kwamba amempa dada yake nyumba hii kwa radhi yake. Shangazi akasema amepokea. Akaingia, akarudisha mlango, ukapita muda mfupi ambao wazazi wangu walikuwa wamesimama uani kwenye jua wakitazama mlango wao. Halafu akaufungua kwa vishindo.

"Karibuni, wageni. Vueni viatu, hii nyumba ya watu."

Wazee waliangua kicheko. Mama alicheka hadi akafuta machozi. Shekhe naye alitabasamu, akasoma dua, tukala. Nilimtazama baba. Alivua viatu kweli, akaviweka pembeni vizuri, akaingia kwa mguu wa kulia akisema bismillahi, kama anavyoingia nyumba ya mtu.

Nilidhani ni adabu tu mbele ya shekhe. Lakini shangazi alirudi Magoma jioni ile, na baba hakurudi kuwa alivyokuwa. Wiki iliyofuata bati moja lilivuja. Alipiga simu Magoma kuomba ruhusa ya kulibadilisha. Machungwa ya nyuma yalipoiva, alipiga simu. Alipotaka kumchukua mpangaji kwenye chumba cha uani, alipiga simu, na kodi ya kwanza akaituma kwa shangazi, ambaye aliirudisha siku ileile na kumpigia. Nilisikia sauti yake kwenye spika.

"Na chooni je, huwa unaniomba au unaenda tu?"

"Dada, mimi nilisema maneno mbele ya watu."

"Ulisema. Sasa nyamaza ule machungwa."

Mama hakulipenda jambo hilo. Alimwambia kwamba wanajua wote wawili nyumba ni ya nani. Baba hakubishana naye. Alisema tu kwamba kuna maneno ambayo ukiyasema yanakaa, hata kama ulikuwa unayasema kwa sababu nyingine. Nilielewa alichomaanisha kuliko mama, na nadhani ndiyo maana hakunitazama alipokuwa anasema.

Kijana wa mikopo alipokuja na kuambiwa kwamba nyumba ni ya dada wa mzee, aliomba kuona karatasi, akaisoma, akaikunja sawasawa na ilivyokuwa. Alimwambia mama kwamba yeye anatumwa tu, na kwamba wakubwa wake huenda wakaenda mahakamani. Nilikaa miezi nikiisubiri barua ya mahakama. Haikuja. Labda waliona kesi ingewagharimu, labda walingoja. Baba alipata kazi ya kupima magunia ya mfanyabiashara mwingine, na kila mwezi alipeleka Korogwe alichopata, hata kama kilikuwa kidogo cha kuaibisha. Walikuwa wakikipokea. Kwa hesabu yake, ndani ya miaka mitatu angemaliza, kisha angemwita shekhe tena, shangazi atoke nje, wao waingie. Shangazi alikuwa amesema siku hiyo atakaa ndani akatae kutoka hadi apikiwe kuku.

Katika kuwaza kwangu kote niliwaza polisi, mahakama, mpangaji mbaya, moto, binamu zangu kugundua, mwenyekiti wa mtaa kusema. Niliwahi kuwaza hata kwamba baba atafariki kabla hajamaliza deni. Shangazi sikuwahi kumuwazia kifo. Alikuwa mtu wa kulima tangu alfajiri, na sauti yake ilikuwa inafika shamba la tatu.

Presha ilimpanda akiwa anapalilia. Walimpakia kwenye pikipiki kati ya watu wawili kumpeleka hospitali, akafariki kabla ya kufika Korogwe. Simu ilitukuta asubuhi. Baba alisema innalillahi, akavaa kanzu, akakaa kwenye kigoda tayari kwa safari wakati gari lilikuwa bado halijapatikana. Hakulia. Nilifikiri ni mshtuko.

Njia nzima hadi Magoma hakuna aliyetaja nyumba. Mimi niliiwaza, na nilijichukia kwa kuiwaza. Nilikuwa nimempenda shangazi. Nilitaka kumlilia yeye, na kila nilipoanza, kichwa kilinirudisha kwenye mlango wa Chanika, kwenye karatasi, kwenye jina lake lililoandikwa pale. Mama alikuwa amenishika mkono, na kwa jinsi alivyokuwa akiubana nilijua na yeye yuko hapohapo.

Sisi wanawake tulikaa nyuma ya nyumba ya marehemu, kwenye majamvi, na wanaume walikuwa mbele kwenye turubai. Baada ya kuswaliwa, kabla jeneza halijaondoka, msemaji wa familia alisimama kutoa tangazo ambalo hutolewa kila msibani. Nimelisikia tangu utotoni, na sikuwahi kulisikiliza hadi siku ile.

"Ndugu zangu, dada yetu huyu alikuwa binadamu. Kama kuna aliyemkosea, amsamehe. Kama kuna anayemdai, au kuna amana ya mtu aliyokuwa ameishika, ajitokeze sasa, au aonane na watoto wake wakati wowote. Tusimwachie mzigo."

Wanawake waliokuwa wakizungumza kwa chini walinyamaza. Kuna ukimya unaofuata tangazo lile siku zote, mfupi, wa heshima, halafu watu huinuka. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye ukuta wa udongo uliotutenganisha na wanaume, nikisikiliza sauti ya baba. Mama alikuwa ameinamisha kichwa na midomo yake ilikuwa wazi kidogo. Tulisikia mtu akikohoa. Tulisikia sauti ya mzee mmoja ikisema kwamba marehemu alimkopesha debe la mahindi na atalileta. Watoto wa marehemu wakamwambia wamemsamehe. Kisha msemaji akasubiri tena kidogo.

Halafu tukasikia watu wanainua jeneza, na kalima ikianza, na miguu ikiondoka kuelekea makaburini. Mama akaniachia mkono.

Mama alimuuliza baba tuliporudi Chanika, baada ya siku za matanga, kwa nini hakujitokeza. Hakumuuliza kwa hasira. Alisema labda ingekuwa vigumu mbele za watu, lakini alikuwa na siku zile zote kumvuta mpwa wake pembeni. Baba alikuwa akivua viatu mlangoni.

"Ningemwambia nini?" alisema. "Kwamba mama yake alikaa mbele ya shekhe akapokea kitu cha uongo? Mwili wake uko pale, ameshaoshwa, mimi niseme alikuwa ananisaidia kudanganya?"

"Useme ilikuwa amana. Wameuliza amana."

"Mimi sikumpa amana. Mimi nilisema nimempa. Wewe ulikuwepo."

Mama akaenda jikoni, na sikumsikia akitia kitu kwenye sufuria kwa muda mrefu. Mimi nilikaa kati yao kwenye kibaraza. Nilikuwa na hoja nyingi. Nilijua kwamba hofu ya kampuni pia ilikuwemo, kwamba baba akisema leo nyumba ni yake, kesho watakuja kuitazama tena na safari hii hawatakunja karatasi. Nilijua kwamba dini yake ilikuwemo, na aibu yake, na mapenzi yake kwa dada yake. Nilijaribu kuyatenganisha nione lipi ndilo lililomfunga mdomo. Sikuweza, na nadhani hata yeye asingeweza.

Binamu yangu alikuja kutoka Mpale baada ya arobaini. Alileta mkungu wa ndizi na viazi, akamsalimu baba kwa kuinama, maana kwetu mjomba si mtu wa kusalimiwa ukiwa wima. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa. Alikaa muda mrefu akizungumzia mvua. Kisha akasema wamekaa na dada zake, na shekhe wa kwao amewagawia mirathi. Shamba la Magoma halikuwa kubwa. Dada yake mdogo ana mtoto anayehitaji kutibiwa mguu, na mkubwa ameachwa na mume. Wanaona nyumba ya Chanika iuzwe wagawane. Alisema hayo akiitazama sakafu.

"Ila mjomba, nimekuja mwenyewe kwanza. Nilikuwa nafikiri. Mama aliwahi kukuachia neno lolote kuhusu nyumba hii? Kama kuna neno, sema, mimi nitawaambia wenzangu."

Alimfungulia baba kabisa mlango wa kusema. Mpaka leo sijui kama alikuwa anashuku kitu au ilikuwa ni heshima tu ya mtoto wa dada. Mama alikuwa amesimama na beseni la maji ya kunawa. Mimi nilikuwa nimekwishaipanga sentensi, fupi, isiyomlaumu mtu, na niliiona iko tayari kabisa kinywani. Nikamtazama baba, na baba alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama mtu anayeomba aachiwe kitu cha mwisho alichobaki nacho.

"Hakuna neno," alisema. "Ni ya mama yenu. Aliipokea, mimi nilikuwepo."

Mama aliweka beseni chini mbele ya mgeni, akamwagia maji mikononi, na hakumwaga hata tone nje.

Iliuzwa kwa mfanyabiashara wa hapohapo Handeni ambaye alitaka kiwanja zaidi kuliko nyumba. Sisi tulihamia Korogwe, vyumba viwili vya kupanga karibu na stendi, kwa sababu huko ndiko baba angepata magunia ya kupima kila siku. Siku ya kuhama mama aligusa ukuta mmoja, ule wa mimba ya mdogo wangu, akapita.

Binamu zangu ni watu wema, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka. Walipopokea fedha, walikuja wote watatu Korogwe, pamoja na yule mtoto mwenye mguu wa kuuma. Walikaa kwenye mkeka, na binamu yangu akatoa bahasha, akampa baba kwa mikono miwili. Alisema mama yao angefurahi. Alisema ni ahsante kwa mjomba aliyewatunzia nyumba yao vizuri, akabadilisha bati, akatafuta mpangaji, bila kuwadai chochote.

Baba alipokea kwa mikono miwili pia. Aliwashukuru, akawaombea dua, akamshika yule mtoto kichwani.

Asubuhi yake aliniambia nimsindikize. Tulikwenda kwenye ofisi ya ile kampuni. Kijana wa mikopo alikuwa kaunta, akasimama alipomwona baba akasema shikamoo mzee. Baba akaweka bahasha mbele yake bila kuifungua. Ilitosha kumaliza sehemu kubwa, ikabaki sehemu ndogo ambayo magunia yangeimaliza. Kijana alihesabu, akahakikisha, kisha akauliza kwa mshangao wa kirafiki kabisa mzee amepata wapi.

"Msibani," baba alisema. "Ni za dada yangu."

"Alifariki?"

"Alifariki."

"Pole sana, mzee. Sikujua. Alikuwa mkubwa kwako?"

Baba aliitikia kwa kichwa. Nilichukua risiti, nikamshika kiwiko, tukatoka. Kwenye ngazi ya nje akaketi palepale, akaanza kulia. Alimlilia kwa Kizigua, kwa jina alilokuwa akimwita walipokuwa wadogo, jina ambalo mimi sikuwa nimewahi kulisikia. Watu waliokuwa wanaingia ofisini walitupita wakitutazama kwa huruma. Nadhani walidhani amenyimwa mkopo. Nilivua mtandio wangu, nikautanua mbele yake kama pazia kwa mikono yote miwili, na nikakaa hivyo hadi alipomaliza.